Cherehani Moja na Shilingi Chache: Mazungumzo Juu ya Kuanza Biashara ya Nguo



Katika mji wa Kisumu wako watu wengi wajuao kushona, na wako wengi zaidi wajuao kuuza. Wakiulizwa kwa nini hawajaanza biashara ya nguo, jibu lao huwa moja: "Rasilmali hatuna." Jibu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote. Maana wako pia waliopata rasilmali, wakakopeshwa fedha za kutosha, na baada ya miezi michache hawakuwa na fedha wala cherehani. Kosa lao halikuwa uvivu. Walisahau kwamba fedha za mkopo zina siku zake za kurudi, na nguo nayo ina siku zake za kuuzika. Siku hizo zisipolingana, mdai hufika mlangoni kabla ya mnunuzi.

Kuanza na kidogo si jambo geni katika nchi hizi. Zamani, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, fundi wa nguo aliketi barazani mbele ya duka la Mhindi. Mteja aliingia dukani akanunua kitambaa, kisha akatoka nacho nje akampa fundi akamshonea. Fundi hakuweka hata shilingi moja katika kitambaa. Mali yake ilikuwa cherehani, mkasi, utepe wa kupimia na mikono yake. Wako waliofanya kazi hivyo miaka mingi wakasomesha watoto. Desturi hiyo imepungua, lakini maana yake haijafa: mwenye kitambaa ndiye mwenye hatari, na si lazima fundi awe ndiye mwenye kitambaa.

Wale waliotaka kuwa na duka lao wenyewe walipata taabu kubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 palikuwa na sheria katika Kenya iliyomzuia mwenye mali kumdai Mwafrika mahakamani deni lililozidi shilingi 200, isipokuwa mkataba wao umethibitishwa na ofisa. Sheria ilisemekana kuwa ni ya kumlinda Mwafrika asidanganywe, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka la jumla hakuthubutu kumkopesha kitu cha maana. Kwa sababu hiyo watu wa sehemu za Nyanza walichanga wenyewe. Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu huko Maseno, alianza na chama cha kuweka akiba cha watu wa Bondo, nacho mwaka 1947 kikawa shirika la Luo Thrift and Trading Corporation. Fedha zake zilikuwa hisa za watu wadogo, pamoja na wafanya kazi waliokuwa mbali katika miji mingine. Shirika lile lilipata mafanikio na hasara pia, lakini njia yake ya kuchanga ingali ikitumika katika mitaa ya Kisumu hata leo.

Sasa fikirini mama mmoja wa mtaa wa Kaloleni. Huyu ni mfano tu, na bei zitakazotajwa ni za mfano, kwa kuwa bei hupanda na kushuka. Anayo cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake, anayo shilingi 6,000, na mtoto wake wa kwanza ataingia darasa jipya mwezi wa Januari. Fedha hizo zikipotea, karo haipo.

Watu wa kwanza kumshauri watamwambia akanunue robota la mitumba. Ni ushauri wa kawaida, kwa kuwa soko la Kibuye haliko mbali, na siku ya Jumapili watu hufurika huko kutoka mjini na kutoka mashambani. Lakini robota la kilo 45 hufungwa kabla mnunuzi hajaona kilichomo. Ndani yake huenda mkawa na nguo nzuri, na huenda mkawa na nguo zilizotoboka na kuchakaa. Mwenye maduka matatu akipata robota baya hukunja uso na kununua jingine. Mwenye shilingi 6,000 akipata robota baya, biashara yake imekwisha siku ile ile. Tena mali itokayo ng'ambo haimo mkononi mwa muuzaji: mnamo Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Serikali ya Kenya ilisimamisha kuingiza mitumba, nayo ikaruhusiwa tena mwezi wa Agosti. Aliyekuwa na kazi ya namna moja tu alikaa miezi ile akihesabu siku.

Kama mtu apenda mitumba, na aanze kwa nguo moja moja. Alfajiri robota linapofunguliwa, wanunuzi wa rejareja husimama kando na kuchagua zile bora za kwanza, ambazo sokoni huitwa "kamera." Bei ya kila nguo huwa juu kidogo, lakini mnunuzi ameiona, ameigeuza, ametazama kwapa na zipu. Analipa zaidi kwa ajili ya kuona, na kwa mwenye fedha kidogo malipo hayo si hasara.

Lakini mama wa Kaloleni ana cherehani, na mitumba ile ile inayowanyima mafundi kazi ya kushona huwaletea kazi nyingine. Mtu hununua suruali Kibuye Jumapili, Jumatatu aona kwamba kiuno ni kipana na miguu ni mirefu. Gauni limefunguka pindo. Koti ni zuri lakini zipu imekufa. Kazi hizi hazihitaji kitambaa. Zahitaji uzi, sindano, zipu chache za rangi zinazopendwa, na fundi asiyesema "njoo kesho" mara tatu. Malipo yake ni madogo, lakini huja kila siku, nayo ndiyo yatakayobeba mambo mengine yote.

Basi katika zile shilingi 6,000, mama atoe 1,000 kwa mkanda mpya wa cherehani, mafuta na sindano. Atoe 2,000 kwa kodi ya mwezi mmoja ya nafasi barazani. Zile 3,000 zilizobaki zisiguswe zote kwa siku moja. Zinunue uzi, vifungo na zipu kidogo kidogo, na nyingine zikae kwa siku ya mvua isiyo na mteja.

Ziko sare za shule, na hapa ndipo hesabu yafaa kutazamwa kwa makini. Sema gauni moja la sare hutumia kitambaa cha shilingi 450, na uzi na vifungo vya shilingi 50, nalo huuzwa kwa shilingi 900. Mzazi akiagiza, mama amwombe arbuni ya shilingi 500, maana hiyo ndiyo gharama ya vitu vyote. Arbuni ikiwa shilingi 200, fundi ameshamkopesha mteja shilingi 300 bila kujua. Wengine huona haya kudai fedha mbele, hasa kwa jirani. Ni heri haya ya dakika moja kuliko ugomvi wa miezi sita, na jirani mwema hufahamu akielezwa kwamba fedha zile ndizo zitakazonunua kitambaa.

Wako watakaotoa arbuni wasirudi. Gauni la sare likiachwa, mtoto mwingine wa shule ile ile aweza kulivaa. Gauni la arusi lililokatwa kwa mwili wa bibi mmoja halimfai mwingine. Kwa hiyo katika mwaka wa kwanza mama akubali kwa furaha kazi za sare, na kazi ya arusi aikubali tu mteja akileta kitambaa chake.

Lakini wazazi wengine hawaagizi mapema. Wao huja juma la kwanza la Januari, wakiwa na fedha mkononi, wakitaka gauni lililo tayari. Ili kuwapata hao yampasa mama kushona Novemba na Desemba kwa fedha zake. Hapo ndipo hukumbuka mikopo, na hapo ndipo yafaa kuhesabu siku.

Hustler Fund ilizinduliwa na Serikali tarehe 30 Novemba 2022, kwa mikopo ya mtu mmoja mmoja kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ikiwa asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa kulipa siku 14. Riba hiyo ni ndogo: kwa shilingi 5,000 ni kama shilingi 15 tu kwa siku hizo 14. Asilimia 5 ya mkopo iliwekwa kando kuwa akiba, hivyo aliyekopa 5,000 alipata 4,750 mkononi. Mikopo ya simu ya M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani shilingi 375 kwa shilingi 5,000. Watu hulinganisha 15 na 375, wakakimbilia ya kwanza. Lakini mama akikopa kwa siku 14 katikati ya Novemba ili ashone sare, deni litamjia mwishoni mwa Novemba, na gauni zake zote zi ukutani, hazijapata mnunuzi hata mmoja. Shilingi 15 za riba hazitamuumiza. Zitakazomuumiza ni 5,000 zenyewe. Mkopo huo huo, akiuchukua Januari shule zikifunguliwa, wanunuzi wakingoja mlangoni na kitambaa kimemwishia, utamfaa sana, kwa kuwa gauni la Jumatatu limeuzwa Ijumaa.

Kwa kazi ya Novemba iko njia nyingine, ile ambayo akina mama wa Nyanza huiita nyoluoro. Wanawake kumi huchanga shilingi 500 kila juma, na kila juma mmoja wao hupokea 5,000. Hakuna riba wala karatasi. Jambo linalosahauliwa ni kwamba zamu zote si sawa: wa kwanza amekopa, wa mwisho ameweka akiba.

Mama wa mfano wetu alimwendea mtunza fedha wa kikundi, mzee wa mtaa, mwezi wa Septemba kabla ya zamu kupangwa.

"Mama, naomba nipewe zamu ya kwanza. Nina shida ya kitambaa."

"Nyathina," yule mzee akamjibu, yaani mwanangu, "kitambaa hicho utakishona lini?"

"Novemba, mama."

"Basi mbona wataka fedha Septemba? Zitakaa nyumbani kwako majuma manane. Nyumba yako haina tumbo?"

Akapewa zamu ya nane, ambayo iliangukia Novemba. Kufikia siku ile alikuwa amechanga 4,000, zote kutoka katika zile suruali na zipu. Kwa hiyo katika 5,000 alizopokea, deni lilikuwa 1,000 tu, nalo alilimaliza kwa majuma mawili.

Kikundi kama hicho chaweza kwenda mbali zaidi. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2013, iliwekwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mikopo isiyo na riba. Lakini katika mikopo ya kikundi kila mtu ni mdhamini wa mwenzake, na mmoja akishindwa wenzake huja kuchukua vyombo. Tena tangu mwaka 2017 sheria ya Kenya yaruhusu mali inayohamishika iandikishwe kuwa dhamana. Mama aulize vizuri kabla ya kutia sahihi. Kabati laweza kwenda, na televisheni yaweza kwenda. Cherehani ikienda, hakuna tena cha kulipia deni lililobaki.

Liko jambo moja lililo gumu kusema. Adui mkubwa wa kitambaa katika sehemu hizi ni mazishi. Simu hulia kwamba ndugu amefariki nyumbani, na mchango watakiwa leo. Hakuna mtu mwenye utu atakayemwambia mama asitoe. Lakini akitoa kutoka katika mkebe wa kitambaa, amewatolea pia wateja waliolipa arbuni, nao hawakuulizwa. Dawa yake ni mama ajilipe mshahara, tuseme shilingi 200 kwa kila gauni, auweke mbali na fedha za kazi, na mchango utoke katika mshahara huo hata kama ni mdogo. Mshahara huu wafaa kwa sababu nyingine pia. Wengi husema gauni la 900 lililogharimu 500 limeleta faida ya 400. Nusu ya hiyo ni ujira wa mikono yake. Faida ya biashara ni 200, na katika hizo kodi ya baraza haijatoka.

Januari ikafika. Gauni kumi za nyoluoro ziliuzwa zote, zikaleta 9,000. Katika gauni 12 zilizoagizwa, wazazi kumi walikuja wakamaliza 400 zao, jumla 4,000. Mama akatoa 5,000 za kitambaa cha muhula ujao akazirudisha mkebeni kabla ya kufanya jambo lingine lolote, kisha akatoa ujira wake, kisha kodi ya baraza, ndipo akaenda shuleni kulipia mtoto. Gauni mbili ambazo wenyewe hawakurudi zingali zimetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, na juu yake amebandika karatasi yenye jina la shule.