Sakafu Ngumu Si Sakafu Kavu
Hotuba kwa wajenzi na wenye nyumba wa Murera



Tangu barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, nyumba nyingi za mawe zimejengwa Murera na pande zote za Ruiru na Juja. Mwenye nyumba akiisha kuezeka na kupiga lipu, hutamani kuhamia upesi au kupata mpangaji. Hapo ndipo haraka inapoingia, na sakafu ndiyo inayoharibika.

Fundi hutandaza tabaka la saruji na mchanga juu ya zege, akalisawazisha kwa ubao na kulilainisha kwa mwiko. Baada ya siku chache mtu aweza kulikanyaga bila kuacha alama ya mguu. Mwenye nyumba hudhani kazi imekwisha, akaagiza mbao au plastiki ya kubandika. Lakini kuwa gumu si kuwa kavu. Saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, wala si kwa kuyapoteza. Maji yaliyozidi hubaki ndani, nayo hutoka polepole.

Mkulima wa kahawa alijua jambo hili zamani. Kahawa ikiachwa wazi katika jua kali la mchana, ganda lake hupasuka. Ikiondolewa mezani mapema, huonekana kavu kwa nje hali ndani ina maji, kisha huota ukungu ghalani. Sakafu ni vivyo hivyo.

Kwa siku 7 za kwanza tabaka lisiachwe likauke. Lifunikwe kwa plastiki, au kwa magunia yanayonyunyiziwa maji, ili lisipasuke wala kuwa vumbi. Kisha lifunuliwe, na madirisha yaachwe wazi ili hewa ipite. Hesabu ya kukauka huanza siku hiyo. Kanuni ya mafundi ni siku 1 kwa kila milimita 1 ya unene: tabaka la milimita 50 huhitaji siku 50 hivi, hali ya hewa ikiwa njema. Likiwa nene zaidi, hukawia kupita hesabu hiyo. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na baridi ya Juni hadi Agosti huongeza siku.

Wako wanaowasha jiko la makaa chumbani ili kuharakisha. Njia hiyo hukausha uso tu, na moshi wake katika chumba kilichofungwa waweza kuua.

Kabla ya kutandika chochote, sakafu ipimwe. Kipande cha plastiki safi, nusu mita kila upande, kibandikwe sakafuni kwa utepe kingo zote, kiachwe saa 16 au zaidi. Kikionyesha matone ya maji chini yake, au saruji ikiwa nyeusi kuliko penginepo, sakafu bado mbichi. Pasipo matone, bado si hakika kamili. Kwa mbao na plastiki ni bora kutumia kipimo cha unyevu, nacho kisizidi asilimia 75.

Kisha sakafu ifagiwe, vumbi lote liondolewe, na igongwegongwe kwa fimbo. Palipo na sauti ya uwazi pavunjwe na kujazwa upya. Aidha, plastiki ya kuzuia maji ya ardhini huwekwa chini ya zege siku ya kulimwaga. Ikikosekana, sakafu yaweza kupimwa mwaka mzima isikauke.

Asiyengoja hulipa mara mbili. Gundi huachia, plastiki hufura, mbao huvimba na kuinuka. Ndipo yote hung'olewa, na mpangaji hana pa kulala. Yafaa basi siku za kungoja ziandikwe katika mapatano na fundi tangu mwanzo, pamoja na bei. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.