Kituo Kabla ya Stesheni: Mhadhara wa Umma Juu ya Reli na Mji wa Voi



Lugha yetu inayo maneno mawili kwa mahali pale ambapo treni husimama. La kwanza, stesheni, lilishuka bandarini Mombasa pamoja na vyuma vya reli na vichwa vya treni, na umri wake katika vinywa vyetu haujazidi sana miaka mia na ishirini na kitu. La pili, kituo, lilikuwako kabla ya vyuma hivyo kufuliwa, kwa kuwa asili yake ni kutua, nalo ni tendo la mpagazi aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani, akafika penye maji na kivuli, akaushusha chini na kuinyosha shingo yake. Jioni ya leo nakusudia kuieleza tarihi ya stesheni ya Voi kwa kulifuata neno hili la pili, na katika kila zama nitakazozipitia nitauliza swali moja tu: ni nani aliyetua hapa, na alitua mzigo gani?

Wenye kuijua njia ya zamani kutoka pwani kwenda Taveta na Kilimanjaro wanajua kwamba msafiri akishaondoka Rabai na kuipa mgongo minazi ya mwisho, humkabili Nyika ya Taru, nchi ya miiba na vumbi jekundu, ambako siku kadhaa zaweza kupita bila ya kuona maji ila yale ya mvua yaliyobaki katika mashimo ya mawe. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliivuka nyika hiyo kwa hesabu ya vibuyu, na kirangozi aliyekosea hesabu hiyo aliwazika watu wake njiani. Bwana Kheri, kiongozi aliyemwongoza mmishonari Johannes Rebmann katika safari ile ya mwaka 1848 ambamo Mzungu huyo aliiona theluji ya Kilimanjaro, aliijua nchi hii kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Na inanisikitisha kwamba jina la Rebmann limo katika kila kitabu cha shule, ilhali la Bwana Kheri laonekana kwa nadra. Baada ya nyika hiyo msafiri huiona milima ya Wataita ikisimama mbele yake, na chini ya milima hiyo hukuta mto. Mto huo ndio Voi. Wazee husimulia kwamba jina lake latokana na Kivoi, yule mfanya biashara mashuhuri wa Kikamba aliyepiga kambi ukingoni mwake. Iwapo ni hivyo, basi hata jina la mji huu ni kumbukumbu ya mtu aliyetua.

Reli ya Uganda ilianza kulazwa Mombasa mwezi wa Mei 1896. Wapimaji wake hawakubuni njia mpya, kwa kuwa kichwa cha treni cha moshi kina kiu isiyopungua kiu ya mpagazi: chahitaji maji ya kuchemka ndani ya tumbo lake na kuni za kuyachemshia, na mahali palipomnywesha mwanadamu na punda wake ndipo palipofaa kukinywesha chuma. Kwa muda wote ambao kazi ilikuwa ikivuka Taru, maji ya wafanya kazi yalichukuliwa na treni kutoka nyuma hadi mwisho wa reli, na siku treni ya maji ilipochelewa, watu maelfu walikaa juani wakitazama upande wa bahari. Kwa hiyo kufika Voi kulikuwa ni faraja kwa wale waliokuwa wakijenga kama kulivyokuwa kwa waliowatangulia kwa miguu. Luteni Kanali Patterson alipofika Tsavo mwezi wa Machi 1898 kusimamia daraja, reli ilikuwa imekwisha kuipita Voi kwa kiasi cha kilomita hamsini.

Juu ya simba wa Tsavo sitasema mengi, kwani wamekwisha kusemwa kupita kiasi. Nitasema hili tu. Wafanya kazi walioandikwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya reli hii walikuwa 31,983, na katika hao walikufa 2,493, kwa homa, kwa kuhara, kwa ajali na kwa uchovu. Hata tukiichukua ile hesabu kubwa kuliko zote ya walioliwa na simba, yaani watu 135, wanabaki watu zaidi ya elfu mbili na mia tatu ambao hakuna filamu iliyopigwa juu yao. Watu 6,724 walibaki katika nchi baada ya mikataba yao kwisha, na baadhi ya watoto na wajukuu zao ndio waliokuja kuwa makarani wa tikiti, mafundi na wenye maduka katika vituo vya njiani. Abiria aliyepita Mackinnon Road, kabla ya kufika Maungu na Voi, aliuona msikiti ulio kandokando ya reli na kaburi la Seyyid Baghali Shah, mnyapara wa Kipunjabi ambaye husimuliwa kwamba karai alilolibeba lilielea juu ya kichwa chake pasipo kumgusa. Tangu utotoni nimekipenda kisa hicho, na leo naiona sababu yake: watu waliokuwa wakibeba kutwa walimpata walii wao katika mtu ambaye mzigo haukumwelemea.

Hapa naomba ruhusa ya kusimama kidogo penye maneno, kwa kuwa maneno nayo ni hati, na hayachakai upesi kama karatasi. Watu wa pwani walipoiona reli kwa mara ya kwanza hawakukaa kungoja wafundishwe namna ya kuitaja. Yale magogo yaliyolazwa chini ya vyuma waliyaita mataruma, na taruma ni ubavu wa chombo, ule mti unaoushikilia mwili wa jahazi usipasuke. Vyumba vya treni wakaviita mabehewa, na behewa ni ua wa ndani wa nyumba. Gari wakalichukua kwa Wahindi, na moshi ulikuwa wao wenyewe. Basi mtu wa Mombasa aliyepanda gari la moshi kwenda bara alikuwa amekaa ndani ya nyumba, juu ya mbavu za chombo, akielekea kituo cha wapagazi. Sijui tafsiri nyingine ya chombo kigeni iliyofanywa kwa utulivu na ustadi kama huo, na iliyofanywa na watu ambao hakuna aliyewaomba waifanye.

Katika miaka ile ya mwanzo treni ya abiria iliyoondoka Mombasa mchana ilifika Voi jua likitua, na kwa kuwa mabehewa ya kulia chakula yalikuwa hayajaanza, abiria wa daraja la kwanza waliteremka wakala chakula chao cha jioni mezani katika bangaloo ya wasafiri karibu na stesheni. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na meza. Wao walikula walichokichukua katika vikapu vyao, au walichokinunua dirishani, na biashara hiyo ya dirishani ilidumu muda mrefu baada ya bangaloo kusahauliwa. Mimi mwenyewe nimeiona. Mama zetu waliteremka na ndizi, maembe, miwa na mayai ya kuchemsha yenye chumvi iliyofungwa ndani ya vipande vya gazeti, wakakaa kando ya reli saa mbili kabla ya treni. Na filimbi iliposikika, uwanja mzima uliinuka kwa pamoja. Nyanya yangu, ambaye hakupata kuwa na saa ya mkono, aliteleka chakula cha usiku kwa filimbi hiyo, na siku treni ilipochelewa nasi tulichelewa kula.

Sasa nije kwenye vita, na hapo nitakawia. Vita vya 1914 vilipozuka, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na wavamizi wao wakawa wanaivuka nyika usiku kuja kuitega baruti reli ya Uganda. Waingereza wakaamua kujenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea magharibi. Ikafika Maktau mwaka 1915, ikasogezwa hata Mbuyuni, na baada ya vikosi vya Afrika ya Kusini kushindwa katika kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, kisha Taveta kukombolewa mwezi wa Machi, ikaendelezwa mpaka ikaungana huko Kahe na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Stesheni ndogo ya maji na kuni ikawa mlango wa vita. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kwamba reli ilikomesha upagazi. Mahali ambapo reli ya vita ilikomea, mizigo ya jeshi ilishushwa ikapandishwa vichwani mwa watu, na watu hao walikusanywa kwa maelfu kwa maelfu, akthari yao kwa nguvu, katika kikosi cha wachukuzi ambacho jina lake la Kiingereza lilitamkwa na watu wetu Kariakoo. Soko la Dar es Salaam na mtaa wa Nairobi huhifadhi jina hilo mpaka leo. Wachukuzi waliokufa, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, ni wengi mno kuliko askari. Walakini makaburi yenye mawe yaliyochongwa majina katika uwanja wa maziara ya vita hapa Voi ni ya askari. Nimeyatembelea mara nyingi, na kila mara naondoka nikiwatafuta wale wengine.

Nao Wakasigau, ambao wazee wao wamo humu ukumbini, walishutumiwa mwaka 1915 kwamba waliwaongoza Wajerumani, wakahamishwa wote, wake kwa waume na watoto, wakapelekwa Malindi, ambako homa na njaa viliwamaliza wengi, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuiona tena milima yao. Tarihi ya reli hii iliyoandikwa bila ya wao ina shimo katikati.

Miaka ya amani naweza kuipita kwa upesi zaidi. Voi ikawa njia panda: kahawa ya Kilimanjaro iliweza kushuka Mombasa kupitia hapa badala ya Tanga, katani ya Mwatate na ya Taveta ikapakiwa, na mwaka 1948, mwaka uleule reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganishwa chini ya shirika moja, Hifadhi ya Tsavo ikatangazwa na kuuzunguka mji kwa ndovu. Kuanzia mwaka 1955 zilipita hapa zile injini za moshi aina ya Garratt za daraja la 59, zenye uzito wa tani 250 na zaidi, kila moja ikiitwa kwa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki, na hakuna reli nyingine ya upana wa mita moja duniani iliyopata kuwa na injini za moshi kubwa kuliko hizo. Hata hivyo, kwa ukubwa wake wote, zilisimama Voi, kwa kuwa zilikuwa na kiu.

Injini ya dizeli haikuwa na kiu. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika tarihi ya stesheni yetu, na lilikuja kimya, bila ya sherehe wala maandamano: siku moja sababu ya kusimama iliyoanza na kibuyu cha mpagazi iliondoka, na treni ikabaki kusimama kwa ajili ya watu peke yao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983, na tawi la Taveta, lililojengwa kwa vita na kuishi kwa biashara, likanyauka; leo treni haipiti tena huko. Tarehe 31 Mei 2017 ikazinduliwa reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyoinuliwa juu ya tuta ili wanyama wapite chini yake, na stesheni yake ya Voi ikajengwa nje ya mji. Naisifu kwa dhati, maana imewafikisha wagonjwa na wanafunzi wetu kwa saa chache mahali ambapo zamani ilikuwa safari ya usiku kucha. Walakini katika treni ya zamani mtoto alisoma ubaoni Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, akajifunza nchi yake kwa mpangilio wake. Na katika stesheni mpya madirisha ya mabehewa hayafunguki, wala mwanamke mwenye mayai haruhusiwi kufika kando ya reli.

Nina ombi moja kwa wazee mlioketi mstari wa mbele, ambao miongoni mwenu wamo waliokuwa madereva, magadi, wapiga ishara na watengeneza njia, na mama zetu mliouza dirishani. Idara yetu imeanza kuyaandika maneno ya kazi yenu na majina ya watu mliofanya nao kazi, na majina ya wachukuzi wa 1916 ambayo pengine baba zenu waliyataja mkiwa watoto. Chumba cha pili, upande wa kushoto wa ukumbi huu, kina viti, chai, na wanafunzi wawili wenye kinasa sauti. Tafadhalini msiondoke kabla ya kupita hapo.