Onyo Halichoti Maji: Funzo la Mabomu ya Ardhini Msumbiji



Nchini Msumbiji, vita kati ya chama tawala cha Frelimo na waasi wa Renamo vilikoma kwa Mkataba wa Roma, Oktoba 4, 1992. Mabomu yaliyotegwa yalibaki ardhini: kandokando ya nguzo za umeme wa bwawa la Cahora Bassa, kwenye njia za reli, madarajani na visimani. Mengine yalikuwa ya enzi za Mreno, karibu na mto Ruvuma, mpaka wetu Watanzania na Msumbiji. Hoja yangu leo ni moja: uhamasishaji wa kibinadamu haujakamilika mpaka yule aliyeonywa apate namna ya kulitii onyo na bado akaishi.

Nianze na takwimu. Miaka ya tisini Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa Msumbiji ina mabomu yapatayo milioni 2. Kazi ilipoendelea, ilidhihirika kuwa makadirio yale yalipita kiasi. HALO Trust, shirika lililobeba sehemu kubwa ya uteguaji, liliharibu kama 171,000. Wapo wanaosema kutia chumvi kulisaidia, maana wahisani walitoa fedha. Sikubaliani nao. Shamba likishatiliwa shaka halilimwi, liwe na bomu au lisiwe nalo. Anayetangaza kwamba nchi nzima imejaa mabomu humnyima mkulima hata ardhi iliyo salama. Kilichosaidia ni kukaa na wanakijiji na kuwauliza: ng'ombe alilipukiwa wapi? Askari walipiga kambi wapi? Njia ipi watu waliacha kuipita? Kwa majibu hayo maeneo mengi yalifutwa kwenye orodha ya hatari pasipo kuchimbwa.

Nije kwenye elimu ya tahadhari. Alama yake inajulikana: fuvu na mifupa miwili juu ya kibao chekundu. Mama wa kijijini huielewa siku ya kwanza anapoiona. Kama kisima kiko ng'ambo ya kibao, bado atapita, ndoo kichwani, kwa sababu watoto wanasubiri maji. Kumrudishia somo la fuvu mara ya pili ni kumwonea. Anachohitaji ni njia iliyosafishwa, hata kama ni nyembamba, au kisima kingine upande huu.

Kwenye kusafisha njia hiyo ndipo Morogoro, hapa Tanzania, inapoingia. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likifunza panya buku kunusa mabomu pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya hufungwa mkanda uliounganishwa na kamba iliyovutwa baina ya watunzaji wawili. Akinusa TNT hukwaruza udongo, kisha hupewa kipande cha ndizi. Ana uzito wa kama kilo moja tu, hivyo bomu halilipuki anapolikanyaga. Panya hao walifanya kazi katika mkoa wa Gaza, Msumbiji, na Septemba 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana.

Utetezi wa kimataifa nao ulikuwa na nafasi yake. Graça Machel, aliyekuwa waziri wa elimu wa Msumbiji, aliwasilisha Umoja wa Mataifa mwaka 1996 ripoti yake kuhusu watoto vitani, iliyogusa pia mabomu ya ardhini. Mkataba wa Ottawa, unaopiga marufuku mabomu ya ardhini dhidi ya watu, ukatiwa saini Desemba 1997. Na Mei 1999 nchi wanachama zilikutana kwa mara ya kwanza Maputo, katika nchi iliyokuwa bado inategua.

Kazi haijaisha. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, imo tena vitani, na vilipuzi vya kutengenezwa kienyeji vimetegwa barabarani. Mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya, zikiwamo Finland na Poland, ziliamua kujitoa katika Mkataba wa Ottawa. Wahitimu wa chuo chetu wataajiriwa kuandika mabango na vipindi vya redio kwa ajili ya majirani zetu wa Msumbiji, na wengine watakaa kwenye kamati za kupitisha fedha. Ombi langu kwao ni hili: andiko la mradi likija na bajeti ya mabango, lakini halina ya maji wala ya uteguaji, lirudisheni kwa mwenyewe.