MAUMIVU YA KIUNO KWA WAENDESHA BAISKELI
(Maongezi ya mhudumu wa afya na wenye baiskeli, mbele ya zahanati)

Najua wengine mmeacha abiria na wengine madumu yenu yako kwenye foleni ya bomba, kwa hiyo sitawachelewesha.

Wengi mnakuja zahanati mkisema, "Nina figo," au, "Ni ngiri." Ukiulizwa kazi yako, ni baiskeli. Maumivu ya figo mara nyingi huja na homa, au maumivu wakati wa kukojoa. Maumivu yanayozidi ukiinama au ukiinua mzigo, na kupungua ukibadili mkao, kwa kawaida ni ya misuli na viungo vya kiuno. Hayo yanaweza kuzuiwa.

Tuanze na kiti. Mtu mfupi akipanda baiskeli ya fremu kubwa, kila akikanyaga nyonga inashuka kulia, inashuka kushoto, kutwa nzima. Mtazame kwa nyuma, utadhani yuko ngomani. Kiti kikiwa chini mno nacho ni kibaya: magoti yanapanda na mgongo unapinda. Jipime hivi. Mwenzako akushikie baiskeli, wewe kaa kitini, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiendesha sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Pua ya kiti isitazame juu. Usukani nao uinuliwe, mikono iufikie bila kujinyoosha. Kama huna spana, azima. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa mzigo, na hapa ndipo penye shida kubwa. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Ukipakia manne ni kilo 80, na wengine humu hamfiki kilo hizo. Tena wengi hawakuumia wakiwa wanaendesha. Waliumia walipoinua dumu miguu ikiwa imenyooka na mgongo umeinama, kisha wakajigeuza nalo kuelekea kwenye keria. Chuchumaa, likumbatie karibu na tumbo, inuka kwa nguvu ya mapaja, na ukitaka kugeuka geuza miguu. Gunia la mkaa liinuliwe na watu wawili. Funga mzigo chini, uzito sawa pande zote mbili, usining'inie nyuma ya gurudumu.

Kwenye mlima wengi husukuma wakiwa upande uleule siku zote, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, mwili umejipinda. Badili upande. Afadhali zaidi umwite mtoto mkubwa au jirani asukume kwa nyuma. Safari mbili za mzigo mdogo zinachosha, najua, lakini wiki mbili bila kazi zinawachosha hata watoto nyumbani.

Ukiwa njia ndefu, shuka mara kwa mara, weka mikono kiunoni, jinyooshe kwa nyuma mara tano au sita.

Je, ukiwa umeshaumwa? Zamani tuliwaambia wagonjwa walale kitandani siku nyingi. Siku hizi tunajua kwamba kulala hivyo kunachelewesha kupona. Acha mizigo kwa muda, lakini tembea na fanya kazi ndogo ndogo. Maumivu mengi ya namna hii hupungua katika wiki chache.

Lakini yapo ya kutongojewa. Maumivu yakikaa wiki nyingi pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, njoo upimwe, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye mifupa ya mgongo. Na mguu ukilegea, au ukifa ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, njoo siku hiyohiyo, hata kwa kubebwa kwenye keria ya mwenzako.