TUSINGOJE MTOTO ALIE NDIYO TUTAZAME JINO
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika)



Leo hatusemi habari ya mbolea. Tunasema habari ya meno ya watoto wetu wa shule.

Sisi nyumbani kwetu tulikosea. Mtoto wa miaka 8 alikuwa na tundu dogo kwenye gego. Tukasema, aa, hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe. Kumbe siyo! Gego lile huota nyuma ya mengine mtoto akifika kama miaka 6, wala halingoji jino lingine litoke. Ni la ukubwani hilo, likienda halirudi. Tulipokuja kushtuka, mtoto halali, shavu limevimba. Likang'olewa.

Jamani, jino haliozi kwa siku moja. Vijidudu vya mdomoni hula sukari, vikatoa ukali kama wa ndimu, na ukali huo ndio unaokula jino. Kwanza hutokea doa jeupe kama chokaa. Hapo jino bado linaweza kupona. Mtoto apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji. Asiye na mswaki wa dukani atumie wa mti, ila autie dawa hiyo. Na pipi na soda tupunguze.

Likishakuwa tundu lakini haliumi, usikimbilie kung'oa. Mganga wa meno anaweza kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kisha akaliziba. Ufundi huo ulianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Ikipakwa, tundu hugeuka jeusi na uozo husimama. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Tukifika hospitali tuiulizie.

Basi tunaomba hivi. Kila Jumamosi mchana, mtoto akae mlangoni penye mwanga, afunue mdomo, tumtazame mpaka nyuma. Mwenye kuona doa au tundu amwambie Katibu. Tutapanga siku moja tuwapeleke watoto wote pamoja, nauli tuchangiane.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na gego la mtoto, ndugu zangu, halijengeki tena.


Katibu