Barabara ni ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa na ofisi ya huduma za jamii kwa wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na kamati za maendeleo za mitaa. Tumeichapisha kwa ombi la waliohudhuria.)





Kabla hatujaanza, hebu tuulizane jambo moja. Ni nani hapa amekuja leo kwa gari lake mwenyewe? Tunaona mikono mitatu. Na ni nani amekuja kwa miguu, ama ametembea mpaka stegi akapanda matatu? Mnajionea wenyewe. Ni karibu ukumbi mzima.

Hivyo ndivyo ulivyo mji wetu wa Nairobi. Uchunguzi wa usafiri uliofanywa hapa umeonyesha kwamba katika kila safari kumi, nne na zaidi hufanywa kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyingine nyingi ni za matatu, na mwenye kupanda matatu naye ni mtembeaji, kwa sababu haimchukui mlangoni pake. Wenye magari yao ni wachache. Lakini tukitazama barabara zetu, wachache ndio waliopewa lami, na wengi wamepewa kilichobaki, yaani mtaro, vumbi na matope.

Matokeo yake mnayajua, maana ninyi ndio mnaokwenda matangani. Miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya. Kundi kubwa kuliko yote si madereva wala abiria. Ni wanaotembea kwa miguu.

Sasa, sisi hatukuja kuwasomea hesabu. Tumekuja kuwaeleza tulichojifunza tulipoacha karatasi ofisini tukatoka kutembea.

Mwaka jana tulikusanya kikundi kidogo. Alikuwamo nyanya mmoja aliyepita miaka sabini, kijana anayetumia kiti cha magurudumu, mzee asiyeona mwenye fimbo yake nyeupe, mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, kijana wa mkokoteni, na watoto watano wa shule ya msingi. Tukasema, twende pamoja kutoka mtaani mpaka zahanati, halafu sokoni, turudi. Kwa gari ni safari ya dakika chache tu. Sisi tulitumia saa moja na nusu.

Tuliona nini? Njia ya miguu ilianza vizuri mbele ya duka moja kubwa, ikafika kwenye kituo cha petroli ikaisha. Ilipoanza tena, katikati yake kulikuwa na nguzo ya stima. Mbele kidogo magari yalikuwa yameegeshwa juu yake. Mtaro ulikuwa wazi, vifuniko vyake vimeibiwa ama havikuwekwa kamwe, na mzee asiyeona alishikwa mkono mara nne ili asitumbukie. Kijana wa kiti cha magurudumu hakuwa na la kufanya ila kuingia barabarani, na lori likawa nyuma yake likipiga honi kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

Tulipofika kwenye daraja la waenda kwa miguu, nyanya alisimama akatazama zile ngazi. Akasema, "Mimi nikipanda hiyo, nitashukia mbinguni." Tulicheka, lakini yeye hakuwa akicheka sana. Kila wiki akienda kuchukua dawa za presha huvuka chini, akingoja matatu zipunguke halafu akimbie. Watu humwona wakasema wazee siku hizi ni wakaidi, daraja lipo na hawataki kulitumia. Ndugu zetu, huo si ukaidi. Ni magoti.

Hatusemi madaraja hayana kazi. Barabara kama ya Thika, iliyofunguliwa ikiwa pana mwaka 2012, haivukiki bila daraja. Lakini katikati ya mitaa ya watu, mahali ambapo gari linaweza kupunguza mwendo, kwa nini tumpandishe nyanya juu ili gari lisipunguze? Kivuko kilichoinuliwa kama tuta pana, chenye alama nyeupe na taa, humpa mtu haki ya kuvuka pale anapotaka kwenda, tena bila ngazi.

Sasa tunafika mahali ambapo tulipata aibu.

Tuliwauliza wale watoto kwa nini wanakwenda shuleni kwa kupitia barabara kuu, na shule iko nyuma tu ya mtaa. Wakasema zamani kulikuwa na njia ya mkato lakini ilifungwa. Tukauliza, kwa sauti ya watu wanaotetea haki, "Ilifungwa na nani?" Watoto wakatazamana. Halafu mmoja akasema, "Si ni nyinyi watu wa kanisa."

Na ni kweli. Miaka michache kabla ya hapo parokia yetu ilijenga ukuta wa mawe na kufunga geti la nyuma. Tulikuwa na sababu zetu. Wezi walikuwa wamechukua mabomba ya maji na betri ya gari la parokia. Sisi wenyewe tulikaa kwenye mkutano uliopitisha jambo hilo, tukainua mikono. Hakuna aliyeuliza watoto watapitia wapi.

Mtoto mmoja wa jumuiya yetu aligongwa na pikipiki kwenye ile barabara kuu akavunjika mguu. Tulimtembelea hospitalini, tukampelekea matunda, tukamwombea, tukachanga pesa za bili. Lakini hatukuwahi kuunganisha mguu wa yule mtoto na geti letu. Nyani haoni kundule.

Tulirudi kwenye baraza la parokia tukalieleza hivyo hivyo. Haikuwa rahisi. Wengine walisema usalama wa mali ya kanisa hauchezewi. Majadiliano yalichukua miezi miwili. Mwisho tulikubaliana geti lifunguliwe asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa mbili, na jioni saa tisa mpaka saa kumi na mbili, mlinzi akiwapo. Tangu wakati huo tumeibiwa ndoo mbili na mfereji mmoja. Hilo tunakiri. Lakini watoto wanapita. Na kuna jambo ambalo hatukulipanga, nalo ni kwamba kina nyanya wameanza kukaa jioni chini ya mti ulio karibu na geti, wakingoja wajukuu na kuzungumza. Tumewawekea benchi.

Basi, kutokana na safari ile, tumejifunza kuwa njia nzuri haipimwi kwa kasi ya gari. Inapimwa kwa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Ikimfaa nyanya, itamfaa kila mtu. Na mambo yanayotakiwa si ya miujiza.

Kwanza ni upana. Njia ya miguu iwe angalau mita mbili zilizo wazi, ili viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Nguzo, mabango na magari yasiwe ndani ya hizo mita mbili.

Pili ni usawa. Penye ukingo wa saruji pawe na mteremko mdogo. Kipimo ni rahisi, hata fundi wa mtaani anaweza kukifuata. Kwa kila sentimita moja ya kimo, weka sentimita kumi na mbili za urefu. Ukingo wa sentimita 10 unahitaji mteremko wa sentimita 120. Na mitaro ifunikwe.

Tatu ni mwendo. Mtu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, mara nyingi hupona. Likiwa kilomita 50 na zaidi, hatari ya kufa hupanda mara nyingi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 mahali penye watu wengi. Tuta moja mbele ya shule linahubiri kuliko sisi.

Nne ni kivuli, taa na mahali pa kukaa, bila kusahau choo. Mti ni dawa. Daktari akimwambia mgonjwa wa sukari atembee nusu saa kila siku, atatembea wapi kama njia ni jua, giza na moshi?

Tano, tafadhali tusikieni vizuri hapa, ni mama mboga. Kila tunapozungumza juu ya njia safi, mtu husema kanjo waje wawafukuze wachuuzi. Hapana. Mama mboga ndiye macho ya mtaa. Binti akirudi saa mbili usiku, ni taa ya kibanda chake inayomfikisha nyumbani. Wachuuzi wapewe ukanda wao kati ya njia ya miguu na barabara, uchorwe mstari, na wao wenyewe waulinde. Tulipokaa nao, walikubali kurudisha meza nyuma hatua mbili. Hakuna aliyekuwa amewaomba hapo awali.

Mtasema haya ni ya Ulaya. Si kweli. Hapa hapa Nairobi, mwaka 2019, Luthuli Avenue ambayo ilikuwa imesongwa na matatu iligeuzwa ikawa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, miti na viti vikawekwa, UN-Habitat ikisaidia. Huko Dandora vijana wamechukua nyua zilizo katikati ya nyumba, zilizokuwa jaa la takataka, wakazisafisha, wakapaka rangi na kupanda maua, watoto wakapata mahali pa kucheza. Na Kibera, tangu mwaka 2006, wakazi pamoja na shirika la Kounkuey wamejenga kando ya mto viwanja, vyoo na mahali pa kufulia, kwa kukubaliana wenyewe wanataka nini.

Wala si jambo geni kwa watu wa imani. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la orofa 60 lililotaka kusimamishwa Uhuru Park. Alitukanwa, lakini bustani ile ilibaki kuwa ya umma. Na tarehe 27 Novemba 2015, Marehemu Papa Fransisko alisimama Kangemi, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akakemea unyakuzi wa ardhi unaofika hadi kutaka viwanja vya michezo vya shule. Katika barua yake ya Laudato Si' ya mwaka huo huo, alitufundisha kwamba mahali pa umma mjini ni pa kutunzwa, ili watu wajione wako nyumbani.

Sasa tufanye nini? Tunawaachia kazi nne.

Moja, kila jumuiya itembee kama tulivyotembea sisi, pamoja na mzee, mlemavu na mtoto. Andikeni kila mnapokwama. Siku moja ya shule, kaeni mahali pamoja kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa moja unusu asubuhi, mhesabu watu wanaopita. Hesabu hiyo ndiyo silaha yenu.

Mbili, jueni barabara ni ya nani kabla ya kuandika barua. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, barabara kubwa za mjini ziko chini ya KURA, na za mitaani ni za kaunti. Barua ikipelekwa mlango usio wake italala huko.

Tatu, nendeni kwenye vikao vya bajeti mapema. Mpango wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukienda Juni kulalamika, chakula kimeshaliwa. Na msiende kama waombaji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Nayo sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea na wenye baiskeli. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa wenye magari wanaolipia. Hatuna kinyongo nao. Ila nasi tuulize kwa adabu, ile asilimia 20 iko wapi?

Nne, na hii ndiyo ngumu, tazameni kwanza mageti yenu wenyewe. Shule, kanisa, hata ploti yako wewe mwenyewe. Ni njia ya nani umeifunga?

Nabii Zakaria, katika sura ya nane, alipotaka kueleza jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Mungu akirudi kukaa ndani yake, hakutaja dhahabu. Alitaja wazee wameketi kwenye njia za mji, wameshika mikongojo yao, na watoto wakicheza hapo hapo. Sisi tunayo benchi moja chini ya mti mmoja. Ni mwanzo.

Mungu awabariki. Na mkitoka, tafadhali piteni geti la nyuma. Liko wazi.