Kibaba cha Benki Hujazwa na Nani?



Kwa miaka mingi benki za biashara zilimwona mteja mdogo kuwa ni hasara. Kumhudumia kulihitaji jengo, karani na daftari, na akiba yake haikutosha kulipia gharama hizo. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, wenye mabenki waliingiwa na hofu. Lakini Novemba 2012 Commercial Bank of Africa, ikishirikiana na kampuni ya simu ya Safaricom, ilianzisha M-Shwari. Mwananchi akaweka akiba na kukopa kwa simu yake pasipo kukanyaga benki. Gharama zikashuka, na amana ndogo ndogo zikakusanyika. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, kibaba hicho hujazwa na nani? Mkopo huo wa siku 30 ulianza kwa ada ya asilimia 7.5. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Aliyerudia kila mwezi alilipa ada ya shilingi 900 kwa mwaka, kwa ajili ya shilingi 1,000 zile zile.

Ni dhahiri kwamba mashine imeipunguzia benki mzigo. Hapana budi nafuu hiyo imfikie mkopaji pia. Vinginevyo, huo ni unyonyaji uliobadili vazi.